Kukwangua namba, kupiga picha au kupima kidonge: njia ipi itakusaidia kutambua dawa feki?

Kama una famasi, duka la dawa muhimu, ghala la jumla au zahanati yako mwenyewe, siku hizi haitapita muda kabla hujatembelewa na mtu anayeuza mfumo wa kutambua dawa bandia. Anatoa simu, anapiga picha boksi, skrini inawaka kijani. Anatoa boksi jingine, inawaka nyekundu. Inavutia, na baadhi ya mifumo hiyo ni mizuri kweli. Ila maboksi aliyokuja nayo huenda ndiyo yaliyotumika kuifundisha programu yake. Kabla hujalipa, jiulize unataka kumnasa nani, kwa sababu wanaoghushi hawafanani, na kila njia ina mtu inayemkamata na mtu anayepita mbele yake bila kuguswa.

Yuko mchapaji. Huyu anaskani boksi halisi na kulichapa upya pamoja na nembo, toleo namba na hata hologramu. Yuko mjazaji, anayekusanya makopo na maboksi halisi yaliyotupwa na kuyajaza vyake, au anayefuta tarehe iliyokwisha na kugonga mpya. Yuko mnakili, ambaye anahitaji msimbo mmoja tu halali ili auchape kwenye maboksi elfu. Na kuna tatizo ambalo halina mghushi kabisa: kiwanda chenye leseni kimetoa dawa yenye kiambato pungufu, au dawa nzuri imekaa kwenye kontena lenye joto hadi ikaharibika. Hiyo ni dawa duni, siyo bandia. Shirika la Afya Duniani lilipokadiria mwaka 2017 kwamba katika kila bidhaa 10 za tiba kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, 1 ni duni au bandia, lilizihesabu zote mbili pamoja. Anayekutajia takwimu hiyo ili akuuzie kamera hakwambii kwamba sehemu yake imo ndani ya boksi halisi kabisa, lililotoka kiwandani kwenyewe.

Sasa tuziweke njia hizi ubavu kwa ubavu.

Namba ya kukwangua na QR

Hii ndiyo tuliyoizoea. Kampuni ya mPedigree, iliyoanzishwa Ghana na Bright Simons, ilieneza mtindo wa kukwangua stika ya dawa na kutuma namba kwa SMS, na Sproxil ikafanya hivyo hivyo Nigeria na kwingineko. Mkulima wa Kenya hukwangua lebo kwenye pakiti ya mbegu na kutuma namba kwa 1393. Mnunuzi wa bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, anaweza kutuma namba ya kibali kwa 20023. Tanzania nako stempu za kielektroniki za TRA, zilizoanza mwaka 2019 kwenye bidhaa kama sigara na vinywaji, zina programu ya Hakiki Stempu. Ulaya wamekwenda mbali zaidi: tangu Februari 2019 dawa nyingi za cheti hubeba namba ya kipekee kwa kila boksi, na namba hiyo hufutwa kwenye mfumo pale mfamasia anapomkabidhi mgonjwa dawa.

Uzuri wake ni kwamba haihitaji utaalamu. Kwa SMS, simu ya kitochi inatosha. Pia haikisii: namba ipo kwenye mfumo au haipo.

Udhaifu wake ni kwamba kinachohakikiwa ni namba, siyo boksi lililoibeba. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji wa mfumo ni moja tu: namba hii ikihakikiwa mara ya pili, mfumo unajibu nini? Kama unajibu "halisi" mara zote mbili, mnakili atautumia kuuza maboksi yake elfu, na kila mteja atapata jibu zuri. Mfumo unaofaa husema namba hii imeshatumika, na hutaja lini.

Kuna mtego mwingine ambao watu wengi hawaufikirii. Mghushi anaweza kuchapa QR yake mwenyewe inayofungua ukurasa wake mwenyewe wenye tiki ya kijani. Anaweza pia kuchapa namba yake ya SMS ubavuni mwa boksi. Kwa hiyo usihakiki kwa maelekezo yaliyo kwenye boksi unalolishuku. Tumia programu uliyoipakua mwenyewe kutoka kwa mamlaka au kwa mtengenezaji, na namba ya SMS uliyoipata kwao.

Picha ya simu peke yake

Hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo ahadi ni kubwa na pesa inapotea.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Programu inatafuta pembe nne za boksi kwenye picha na kulinyoosha, ili hata ukipiga kwa mshazari lionekane limetazama mbele. Kisha inalinganisha na picha rejea za boksi halisi: umbali kati ya nembo na jina, umbo la herufi, rangi, unene wa mistari, mahali tarehe ilipogongwa. Programu za zamani zilipima vitu hivi kimoja kimoja. Za sasa hutumia mtandao wa neva, aina ya akili bandia, uliofundishwa kwa picha nyingi za halisi na za bandia, nao huamua wenyewe nini cha kuangalia. Inasoma pia maandishi, hivyo inaweza kugundua toleo namba lenye mpangilio usiotumiwa na kiwanda hicho.

Kwa mchapaji mvivu, njia hii ni kiboko. Jina la kiambato lililokosewa herufi, fonti inayokaribia bila kufanana, nembo iliyosogea milimita mbili: jicho la mtu aliyechoka saa kumi na moja jioni litayapita, kamera haitayapita.

Kwa mchapaji makini, hesabu inabadilika. Chukua kamera ya megapikseli 12, inayotoa picha yenye pikseli 4000 kwa 3000. Boksi lenye upana wa sentimita 10 likijaza fremu yote, unapata pikseli 40 kwa kila milimita. Uchapaji mzuri wa ofseti huweka vitone vya wino karibu 7 kwa milimita, yaani kila kitone kinapata pikseli 6 hivi. Kwa nadharia vinaonekana. Lakini watu hawapigi picha namna hiyo. Wanalishika boksi kwa mkono mmoja na kulipiga likiwa limejaza nusu tu ya upana wa fremu, na hapo kila kitone kinabaki na pikseli 3. Simu nayo inalainisha picha ili ipendeze. Halafu picha inatumwa kwa WhatsApp, ambayo kwa kawaida hupunguza ukubwa wake hadi chini ya nusu. Kinachomfikia mtaalamu upande wa pili ni rangi na maumbo makubwa tu. Ushahidi wa uchapaji umeshafutika. Ukilazimika kutuma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, siyo kama picha.

Mwanga nao unasumbua. Karatasi ya alumini nyuma ya blista hurudisha mweko wa flashi na kufunika kabisa toleo namba, hasa lile lililogongwa bila wino ambalo husomeka kwa kivuli tu. Zima flashi, sogea dirishani, weka karatasi nyeupe upande wa pili ili mwanga usambae. Mfumo ambao haukuelekezi mambo haya na unakubali picha yoyote utakudanganya siku ya mvua.

Halafu kuna suala la picha rejea, na hili ndilo huangusha mifumo mingi. Boksi halisi halina sura moja. Wanaokumbuka dawa ya mseto tangu mwaka 2010 watalikumbuka jani la kijani lililochapwa kwenye pakiti za mpango wa ruzuku. Kenya, Tanzania na Uganda zote zilikuwemo. Kwa wakati mmoja sokoni kulikuwa na pakiti zenye jani na zisizo na jani, na zote zinaweza kuwa halisi. Programu iliyofundishwa kwa pakiti zenye jani peke yake ingezishtaki zisizo nalo. Na jani lenyewe ni mchoro tu. Mwenye skana anaweza kulinakili. Leo pia viwanda hubadilisha maboksi, huongeza lugha, huhamisha uchapaji kwenda kwa mchapaji mwingine, na soko la Burundi linaweza kupata boksi tofauti na la Zambia. Muulize muuzaji: picha rejea mnazipata kwa nani, na kiwanda kikibadilisha boksi mnajua baada ya muda gani? Akijibu kwamba wanakusanya kwa kununua madukani, basi anafundisha programu yake kwa vitu ambavyo yeye mwenyewe hana hakika navyo.

Na ukisikia "usahihi wa asilimia 95", fanya hesabu kabla hujafurahi. Tuseme katika maboksi 1,000 yanayoingia ghalani kwako, 10 ni bandia. Programu inapatia kwa asilimia 95 pande zote mbili. Bandia itayakamata 9 au 10, vizuri. Lakini katika yale 990 halisi itakosea kwa asilimia 5, yaani karibu maboksi 50. Skrini itawaka nyekundu kama mara 59, na mara 50 kati ya hizo boksi ni zima. Baada ya wiki chache wafanyakazi wako wataizoea nyekundu na kuacha kuijali, na hapo mfumo umekufa hata kama bado unaulipia. Kinyume chake, ukiitumia kwenye shehena ya maboksi 1,000 uliyoishuku tayari, ambayo nusu yake huenda ni mbovu, programu ile ile itakamata 475 kati ya 500 na kusingizia 25 tu. Kwa hiyo picha ya simu ifanye kazi ya chujio, na uamuzi uachwe kwa kipimo kingine.

Lenzi, darubini na mwanga mwingine

Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja cha bei rahisi kwa duka la dawa, ningechagua lenzi ndogo ya kubana kwenye kamera ya simu, au kioo cha kukuzia cha kawaida, pamoja na boksi moja halisi lililotoka kwa wakala anayetambulika na kuhifadhiwa droo ya ndani.

Tazama kinachoonekana. Mstari wa kijani kwenye boksi halisi mara nyingi huchapwa kwa wino wa kijani uliochanganywa tayari. Ukiukuza unaona kijani kitupu, kingo zimenyooka. Mghushi aliyeskani boksi na kulichapa kwa rangi nne za kawaida hana wino huo. Kijani chake ukikikuza kinavunjika kuwa vitone vya bluu na vya njano vilivyosogeleana. Kwa macho matupu rangi ni ile ile, chini ya lenzi hakuna ubishi. Maandishi madogo nayo: kwenye halisi herufi ni imara, kwenye nakala zina manyoya pembeni, na zile ndogo zaidi zimegeuka mstari wa vumbi. Nenda kwenye tarehe pia. Kama imefutwa na kugongwa tena, mara nyingi ng'aro ya boksi pale imekwaruzwa, na hilo linamnasa mjazaji ambaye picha ya mbali ingempitisha. Ila tahadhari: viwanda vingine halali huchapa kwa rangi nne, kwa hiyo vitone peke yake si hatia. Ndiyo maana unahitaji boksi la kulinganishia.

Kurunzi la UV, kama lile la kukagulia noti, linaongeza jambo jingine. Makaratasi mengi meupe yana kemikali inayong'aa bluu chini ya UV. Weka boksi lako na lile la droo pamoja gizani. Moja liking'aa na jingine likabaki jeusi, karatasi siyo ile ile.

Wazo hili limetengenezewa mashine. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilibuni kifaa cha mkononi kiitwacho CD-3, kinachomulika kifungashio na kidonge kwa mwanga wa aina kadhaa, kutoka UV hadi infraredi, na kuonyesha tofauti na sampuli halisi. Kilipelekwa Ghana kujaribiwa kwenye dawa za malaria. Upande wa biashara, kampuni ya Entrupy ya New York huchunguza mikoba ya kifahari kwa kamera ya darubini na mtandao wa neva, na waanzilishi wake walichapisha mwaka 2017 matokeo ya zaidi ya asilimia 98. Matokeo mazuri, lakini kumbuka hesabu ya hapo juu, na kumbuka pia kwamba wao huchagua chapa chache na kukusanya picha zake kwa wingi. Wewe una mamia ya bidhaa kwenye rafu.

Hologramu nayo isikupumbaze. Dawa ya malaria ya artesunate ya kiwanda cha Guilin, China, iliwekewa hologramu ili ilindwe, na waghushi wa Asia ya Kusini-Mashariki wakaighushi. Wachunguzi walioshirikiana na Interpol kuanzia mwaka 2005 walikuta aina zaidi ya kumi za hologramu bandia. Baadhi zilikuwa stika za kung'aa tu, nyingine ziliiga hata maandishi madogo ya kutazamwa kwa kioo cha kukuzia. Kilichosaidia kuonyesha zilikotoka ni pamoja na chavua ya mimea iliyonaswa ndani ya vidonge vyenyewe, iliyoelekeza kusini mwa China. Kifungashio kiliwasaidia kupanga bandia katika makundi, lakini kidonge ndicho kilichosema mahali.

Alama zilizotengenezwa ili zipigwe picha

Njia hii si ya duka, ni ya mwenye kiwanda. Badala ya kutafuta makosa kwenye boksi la kawaida, unachapa mraba mdogo uliojaa vitone vya kubahatisha, vidogo kiasi kwamba kila mara ukiskaniwa na kuchapwa tena hupoteza sehemu ya undani wake. Programu hupima undani uliobaki. Nyingine haichapi chochote. Inasajili nyuzi za karatasi ya boksi lenyewe, ambazo hazifanani kwa boksi lolote.

Dhidi ya mnakili hizi ndizo bora kuliko zote nilizozitaja, kwa sababu picha inajibu swali ambalo alama iliandaliwa kulijibu. Lakini zisiuzwe kama kitu kisichovunjika: watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha mwaka 2019 kwamba mtandao wa neva unaweza kukadiria mraba wa asili kutoka kwenye nakala iliyochapwa. Na mjazaji haziwezi kumgusa, labda ziwekwe juu ya kizibo au mkunjo ambao lazima uchanike boksi likifunguliwa. Kama wewe ni mtengenezaji wa dawa, mbegu au vipodozi hapa kwetu, sisitiza hilo kwa mchapaji wako kabla ya jambo jingine lolote.

Kupima kilichomo

Dawa duni haionekani kwenye boksi. Hapo hakuna picha ya kifungashio itakayosaidia, hata ikipigwa na kamera ya mamilioni.

Minilab ya shirika la GPHF la Ujerumani ni sanduku la maabara linalobebeka, linalotenganisha viambato kwenye sahani nyembamba na kupima zaidi ya viambato 100. Linagharimu maelfu ya yuro na linahitaji mtu aliyefundishwa. Hukamata dawa isiyo na kiambato au yenye pungufu kubwa. Pungufu ndogo linaweza kulikosa.

Kadi za karatasi zilizobuniwa na maabara ya Marya Lieberman wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, na kujaribiwa Kenya pamoja na wenzao wa mpango wa afya wa AMPATH, Eldoret, ni rahisi zaidi. Kadi ina mistari 12 yenye kemikali tofauti. Unasugua dawa iliyosagwa kukatiza mistari yote, unachovya ukingo wa chini kwenye maji, unasubiri dakika chache, rangi zinajitokeza. Kisha unapiga picha, na programu inasoma mpangilio wa rangi. Hapa uchambuzi wa picha nauamini kuliko kwenye boksi: kadi zote zimetengenezwa sawa, kwa hiyo kinachobadilika kwenye picha ni dawa. Haikuambii kama miligramu 500 ni 500 kamili au 400, lakini unga wa muhogo hautapita kama antibayotiki.

Basi nani achukue nini

Duka la dawa muhimu au famasi ya mtaani: namba ya kukwangua au QR pale ilipo, lenzi, kurunzi la UV, na droo ya maboksi halisi ya dawa unazouza zaidi. Programu ya picha ya kulipia kila mwezi usinunue sasa. Ukipewa bure na mamlaka au mtengenezaji, itumie.

Wakala wa jumla: wewe ndiye unayefaidika na programu ya picha, kwa sababu unaweza kuweka kamera moja, mwanga mmoja na meza moja, na hivyo kuondoa nusu ya matatizo niliyoyataja. Piga picha sampuli ya kila shehena, ufananishe na shehena iliyopita ya bidhaa ile ile. Lakini hati zitangulie. Mwaka 2012 bandarini Luanda zilikamatwa pakiti milioni 1.4 za dawa ya malaria ya Coartem, bandia, zilizofichwa ndani ya spika. Dawa inayosafiri ndani ya spika haiji na hati za shehena ya dawa, na mnunuzi anayedai hati za kila toleo anaikataa kabla boksi halijafunguliwa.

Hospitali, mashirika ya misaada na wanunuzi wa zabuni: pesa yenu iende kwenye kupima kilichomo. Picha iwe ya kuamua sampuli ipi ianze kupelekwa maabara.

Boksi likikutia shaka kwa njia yoyote kati ya hizi, usilirudishe kwa aliyekuuzia, maana atamuuzia mwingine. Usilitupe pia, mjazaji analihitaji. Litenge na mengine ya toleo hilo hilo, tunza risiti, lipige picha pande zote sita bila flashi na rula ikiwa kando yake, halafu toa taarifa kwa mamlaka ya dawa: TMDA kama uko Tanzania, Bodi ya Famasi na Sumu kama uko Kenya, au NDA kama uko Uganda. Na kama kuna mgonjwa aliyeshauziwa dawa ya toleo hilo, mtafute siku hiyo hiyo, usisubiri majibu ya maabara.